Taa Haili Umeme

Siku ile nyumbani kwetu Mwitongo tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kike aliyetoka Buhare na mtoto mgongoni, kitinda mimba wetu wa kiume aliyekuwa akifanya kazi kwenye steshenari mjini Musoma, katekista, na mama mmoja wa Makoko ambaye si ndugu yetu wa damu ila vichanja vyake vya dagaa na vyangu vinagusana. Na kama nawataja wote, niwataje na wazazi wetu wawili, maana makaburi yao yako palepale nyuma ya nyumba, upande wa mihogo, na wao ndio tuliokuja kuwaombea.

Katekista alisali, akala ugali na sato, akaaga mapema kwa sababu kulikuwa na familia nyingine inamsubiri upande wa pili wa Butiama. Tukabaki wenyewe, tumeegemea ukuta kwenye kivuli, miguu tumeinyoosha. Mbele yetu kulikuwa na nguzo ya umeme. Ilisimikwa miaka kadhaa iliyopita, nyaya zikapita juu ya paa letu kwenda kwa jirani, na nyumba ya mama ikabaki na koroboi yake. Mdogo wangu wa kiume aliitazama ile nguzo, halafu akatoa simu.

"Dada, sikiliza hii. Juzi mtu alikuja kuchapisha tangazo, nikalipiga picha."

Akasoma. Chuo kimoja cha ufundi kule Bunda kilikuwa kinachukua wanafunzi wa umeme wa majumbani. Wenye cheti cha kidato cha nne walikuwa na njia yao. Wasio nacho wangepokelewa kama wangefaulu mtihani wa kujiunga: hesabu, lugha na fizikia, hasa mambo ya sakiti. Mwisho wa umri ulitajwa pia. Alipoufikia alisoma polepole, kisha akaniangalia, kwa sababu umri huo ndio niliokuwa nautimiza mwaka uleule. Nikikosa safari hii, basi tena.

Hakuna aliyeuliza tangazo ni la nani. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa kidato cha pili, na muhula ule ule nikaacha shule. Tangu hapo nimekuwa naanika dagaa Makoko, na hawa wawili wamekula, wamevaa na wamesoma kwa dagaa hao. Huko huko ufukweni nikajifunza taa. Mitumbwi ya dagaa iliacha karabai ikahamia kwenye taa za betri, na taa ikirudi asubuhi haiwaki wananiletea mimi, kwa sababu niliwahi kuunga waya mmoja kwa meno na ikawaka. Kuunga nilijua. Kwa nini inawaka, hilo sikulijua.

"Wewe, dada?" mdogo wangu wa kike akauliza. Hakuwa anadharau, alikuwa anaogopa. "Ukakae dawati moja na watoto?"

"Watoto ndo watagombania kukaa na yeye," kitinda mimba akasema. "Atakuwa anawapelekea dagaa."

"Na dagaa hao ataanika nani? Si mtihani wenyewe unaangukia kwenye giza?"

Hapo mdogo wangu wa kike alikuwa amesema kitu. Dagaa wanafuata taa, na taa ya mvuvi haina kazi mwezi ukiwa umejaa. Kwa hiyo kwetu kazi inakwenda kwa mwezi: wakati wa mbalamwezi mitumbwi inalala, tunapumzika na kushona nyavu za vichanja; wakati wa giza mitumbwi inatoka, na sisi tunakimbizana na jua toka asubuhi. Mtihani ulikuwa umepangwa katikati ya giza.

Yule mama wa Makoko alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti. Ni mjane kutoka vijiji vya Majita, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa.

"Kumbe tatizo ni jua tu?" akasema. "Nitamkopesha." Akanigeukia. "We soma. Vichanja vyako nitaviangalia. Utanilipa jua."

Hiki kitu cha jua nikieleze, maana nje ya Makoko sijakisikia. Dagaa wakishamwagwa kichanjani lazima mtu awe nao. Awageuze, afukuze kunguru na yangeyange, awaangalie bata wa majirani, na zaidi ya yote aangalie mawingu, kwa sababu dagaa akinyeshewa kabla hajakauka anageuka chakula cha kuku, na bei yake inakuwa ya kuku. Mwanamke akiwa na msiba au mgonjwa, mwenzake anamwangalizia. Hapo amemkopesha jua. Jua moja linaanza dagaa wanapomwagwa na linaisha gunia linapofungwa mdomo, na linalipwa kwa jua lingine kama hilo. Pesa haipokelewi. Mvua ikiingia katikati, hilo si jua. Na kuna sharti moja ambalo nilikuwa nalijua kwa kulisikia tu: mawingu yakija, mlinzi anaanua kwanza dagaa wa mwenzake, ndipo wake.

Nikamwambia, haya. Sikufikiri sana. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka akipewa msaada anaupokea haraka kabla haujaondolewa.

*

Fizikia niliyoiacha kidato cha pili ilikuwa imebaki kama nguo ya utotoni, unaijua rangi yake lakini mkono hauingii. Mdogo wangu alikuwa anapakua video steshenari, ananijazia kwenye simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na zilizobaki nazitafuta mwenyewe kwa bando langu. Mwalimu niliyemzoea hakuwa na uso. Ulionekana mkono tu, wenye saa, ukiandika kwenye ubao mweupe, na sauti ya mtu wa bara kama sisi. Nusu Kiswahili, nusu Kiingereza. Karenti, volteji, rizista. Nilimpenda kwa sababu alikuwa anarudia bila kukasirika, na kama hakurudia namrudisha mwenyewe kwa kidole.

Nilisoma ufukweni mchana. Nyumbani nikikaa tu nasinzia. Lakini kioo cha simu kwenye jua hakionyeshi kitu isipokuwa sura yako, kwa hiyo nilijifunika kitenge kichwa kizima, mimi na simu humo ndani kama kwenye hema, joto na harufu ya dagaa. Wanawake walipata la kusema.

"Leo padri anamuungamisha nani humo?"

"Muda wote huo! Dhambi zake nyingi huyu."

Yule mama aliinua pindo la kitenge siku moja akachungulia. "Huyu mwanaume wako hana uso?"

"Ana mkono tu, mama."

"Ah. Wa mkono tu hawana shida."

Akarudisha pindo, akaenda kugeuza dagaa wangu. Niliisikia fimbo yake ikipitapita juu ya wavu, kisha sauti yake ikiwafukuza kunguru kwa Kijita. Asubuhi yote nilikuwa nimebeba mabeseni. Nilisikiliza karenti na volteji huku kichwa kinaanguka, simu ikanitoka mkononi ikalala kati ya dagaa, na ule mkono ukaendelea kuwafundisha wao.

Nilikwama kwenye taa mbili.

Kwetu umeme unaliwa. Friji linakula umeme, pasi inakula zaidi, taa za zamani zilikuwa zinakula kuliko hizi za sasa. Makoko ninapopanga, mwenye nyumba anapita milangoni akiuliza nani anamlia umeme. Kwa hiyo mwalimu alipochora betri na taa mbili kwenye mstari mmoja, moja mbele ya nyingine, nilielewa kabla hajasema. Ya kwanza inakula, ya pili inapata kilichobaki. Mstari ule niliujua. Nimepakua chakula kwa mstari ule miaka yote: kitinda mimba, halafu wa katikati, halafu mimi na ukoko wa sufuria. Kwenye mchoro wake nilijiona kabisa. Mimi nilikuwa taa ya pili.

Mkono ukaandika: karenti ni ileile kila mahali. Inayoingia taa ya kwanza ndiyo inayotoka, ndiyo inayoingia ya pili.

Nilirudisha nyuma. Nilidhani mtandao umeruka. Nikasikiliza tena, nikarudisha tena. Kama taa imekula na kinachotoka hakijapungua, imekula nini? Nikatafuta mwalimu mwingine, naye akasema vilevile. Niliona wamekubaliana kunidanganya.

Jumapili mdogo wangu wa kiume alikuja Makoko baada ya misa. Nikamwambia.

"Kariri tu, dada. Kwenye mfululizo karenti ni sawa. Sisi wote tulikaririga hivyo."

"Na mkafaulu?"

"Tukafaulu."

"Na mkaelewa?"

Akakuna shingo. "Dada, hilo si swali la mtihani."

"Mimi nikikariri kitu sikiamini, wakinibadilishia maneno kidogo nimekwisha."

"Sasa we unabishana na dunia nzima?"

"Nabishana na huyu mwenye mkono."

Nikachukua betri ya mvuvi mmoja aliyekuwa amelala, na taa mbili za mtumbwini, nikaziunga kwa mstari kama kwenye mchoro. Hazikuwaka. Mdogo wangu akacheka. Mimi sikucheka, nilikaa nikiziangalia. Kama ya kwanza ndiyo iliyokula yote, mbona na yenyewe iko giza?

Wiki iliyofuata akaniletea balbu mbili za indiketa ya pikipiki, zile zenye uzi ndani. Alisema fundi kamwambia taa zetu za kisasa zina ukaidi wake, zikipewa volti pungufu haziwaki kabisa, ila hizi za uzi hazifichi kitu. Tukaziunga. Zikawaka zote mbili, hafifu, rangi ya makaa yanayozima. Zote sawa. Nikazibadilisha nafasi, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Sawa. Nikageuza na betri. Sawa tena. Nilipoitoa moja nikaacha moja peke yake, ikawaka kwa nguvu mpaka nikakunja macho.

"Umeona?" mdogo wangu akasema.

"Nimeona. Sijaelewa."

Akafunga zipu ya mkoba wake, akaniambia mtihani haunisubiri.

*

Ufukweni mtumbwi ukifika tunajipanga mstari, kutoka majini hadi vichanjani, na beseni linapita mkono kwa mkono. Aliye mwanzo anasimama kwenye tope, maji magotini. Tunaofuata tuko kwenye mchanga. Asubuhi moja nilikuwa katikati ya mstari. Nimepokea beseni, nimempa wa mbele yangu, nimegeuka kupokea lingine, na mikono ikiwa inafanya hivyo yenyewe mimi nilikuwa bado naziwaza zile balbu.

Nikalitazama beseni. Lililonifikia ndilo nililolitoa. Sijapunguza dagaa hata mmoja. Aliye nyuma yangu hajapunguza, aliye mbele hatapunguza. Yote yaliyotoka mtumbwini yanafika kichanjani. Lakini mgongo wangu ulikuwa unauma, na yule wa kwenye tope alikuwa anahema kama amekimbizwa. Hakuna anayekula beseni. Kinachokwisha ni sisi.

Nikasimama nalo mikononi.

"Wewe! Umeona simu humo kwenye beseni?"

"Pitisha, mwenzio nimenyoosha mikono kama naomba mvua!"

Na hapo nikaona la pili, maana niliposimama mimi mstari wote ulisimama, wa mbele na wa nyuma. Wa kwenye tope akichelewa, wote tunachelewa kwa mwendo wake. Ndiyo maana balbu mbili zilikuwa hafifu zote. Ukiongeza mtu mzito kwenye mstari humchoshi wa mwisho peke yake, unaupunguza mwendo mzima. Nikapitisha beseni. Niliyapitisha yaliyobaki nikiwa kama mgonjwa aliyepata nafuu, bila nguvu lakini kichwa chepesi.

Baadaye nikamwambia yule mama. Alikuwa ameketi juu ya gunia akitoa miba ya mgunga kwenye kanga yake.

"Mama, taa hailagi umeme."

"Inafanya nini?"

"Inaupitisha. Kinachochoka ni betri."

Akafikiri. "Haya. Kamwambie mwenye nyumba wako."

*

Siku za mwisho kabla ya mtihani nilihitaji maswali ya kujipima, na hayo yalikuwa steshenari, kwenye kompyuta. Nikaenda Musoma mjini mchana, dagaa nimewaacha kichanjani, jua kali, mbingu tupu. Nilikaa nyuma ya mashine ya fotokopi nikijibu moja baada ya jingine. Mdogo wangu anasahihisha kati ya mteja na mteja. Nilikuwa napata mengi. Nakumbuka nilifurahi.

Nilipoinua kichwa chumba kilikuwa kimeingia giza na karatasi mlangoni zinapeperuka. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limesimama jeusi mpaka chini. Nilitoka mbio, lakini Makoko si mlango wa pili. Mvua ilinikuta njiani.

Dagaa wangu walikuwa ndani, wamekauka, gunia limefungwa na kufunikwa turubai. Vichanja vyake yeye vilikuwa bado vimejaa. Dagaa wake walikuwa wamelowa wakashikamana, maji yenye magamba yanachuruzika chini ya wavu, na yeye alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha kibanda, kanga imemgandia mwilini, anaangalia mvua kama mtu anayeangalia mazishi ya jirani.

"Mama."

"Wako walitangulia," akasema. "Ndo ilivyo."

"Ungeanua wako! Mimi ningejua nini?"

"Mimi ningejua." Akakamua pindo la kanga. "Umejibu maswali?"

Nikamwambia nimejibu.

"Umepata?"

"Mengi."

"Basi mbona unalia? Yule mfuga kuku wa Buhare anayenunua walioloa atafurahi sana leo."

Hakulitaja tena. Mimi ndiye niliyelitaja, nikitaka kugawana naye gunia langu, na aliniuliza kama namwona mwizi.

*

Nilifika Bunda na kalamu mbili na sketi ya mdogo wangu wa kike. Chumba cha mtihani kilikuwa na vijana ambao wangeweza kuwa wanangu kama ningeanza mapema. Hesabu ilinichosha, lugha ilipita. Kwenye fizikia nilijibu haraka. Nilichora sakiti, nikapiga hesabu ya ukinzani, nikajua taa ipi itazimika swichi ipi ikifunguliwa. Kisha nikafika kwenye swali hili: taa mbili, ya kwanza ina ukinzani mkubwa kuliko ya pili, zimeungwa kwa mfululizo. Taa ipi inakula umeme zaidi?

Nilitabasamu. Nilijua ni mtego. Walikuwa wameniwekea neno lilelile lililonihangaisha wiki zote. Nikaandika: Hakuna. Taa haili umeme. Mkondo ni uleule. Nikapiga mstari chini.

Nje, kijana mmoja mwenye sare ya shule iliyofifia alikuwa anawauliza wenzake. "Ile ya kula zaidi ni ya kwanza, si ndiyo? Yenye ukinzani mkubwa. Walikuwa wanataka pawa, si karenti." Wote wakasema ndiyo, ya kwanza. Mimi nilikuwa nakunywa maji. Niliyaweka chini.

Mchana tukaitwa mmoja mmoja kwa maswali ya mdomo. Walikuwa wawili mezani, mwalimu wa kike na mwalimu wa kiume. Karatasi yangu ilikuwa mbele ya yule mwanamke.

"Hapa umeandika taa haili umeme," akasema. "Na mstari umepiga."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwako uniti zinaishaje kama hakuna anayekula?"

Nikamweleza mabeseni. Sikuwa na maneno mengine. Nilimweleza mstari, tope, mchanga, kwamba beseni halipungui lakini watu wanachoka. Yule mwanamume aliacha kuandika. Yule mwanamke alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Huyo wa kwenye tope na wewe wa kwenye mchanga. Nani anachoka zaidi?"

"Yeye."

"Kwa mabeseni yaleyale?"

"Yaleyale."

"Basi hilo ndilo tulilouliza. Nani anachoka zaidi. Mkondo hatukuuliza. Jibu ulikuwa nalo, ukajibu swali lako badala ya letu." Alama ya kosa ilibaki pale ilipokuwa, nyekundu. "Ukiwa fundi, mteja atakuambia friji langu linakula. Utamsahihisha Kiswahili au utapima friji?"

"Nitapima friji."

Yule mwanamume akauliza kama nina watoto.

"Wawili, wa mama yangu."

Alichukua muda kuelewa. "Watakula nini ukiwa hapa?"

"Siku hizi wanakula vyao, mwalimu."

Nilirudi Musoma nikijua nimelikosa lile nililolisoma kuliko yote. Majina ya kwanza yalipotoka langu halikuwemo. Nilianika dagaa. Sikulia, wala sikujifunika kitenge tena, na wanawake hawakutania, jambo ambalo liliniumiza zaidi. Yule mama aliniuliza mara moja tu kama mwenye mkono amesafiri. Nikamwambia amesafiri.

Halafu baadhi ya waliochaguliwa hawakuripoti, na chuo kikatoa majina ya kujazia nafasi. Mdogo wangu alipiga simu kutoka steshenari, nyuma yake mashine zinalia.

"Dada, jina lako liko hapa. Nimelisoma mpaka mteja amekasirika."

Nilikuwa na fimbo ya kugeuzia mkononi. Nilimaliza kugeuza kichanja kwanza.

*

Nilipokwenda kumuaga yule mama nilimwambia sijui nitamlipaje majua yote yale, na mimi nakwenda Bunda. Nilimwambia nikishajua kazi nitamtandazia nyaya nyumba nzima, bure, na taa mpaka chooni.

"Taa ni taa," akasema. "Mimi nakudai jua. Nenda. Jua lipo."

Muhula wa kwanza ulikuwa mgumu. Nalala mapema kama kuku, naamka na kurudia ya jana. Darasani nakaa mbele kwa sababu macho yangu yamekula moshi mwingi. Naona nimelitumia tena lile neno. Vijana wananiita mama, halafu wanakopi majibu yangu ya mfululizo.

Mapumziko ya Pasaka nilikwenda Makoko moja kwa moja, kabla ya Buhare, kabla ya kwenda Mwitongo kusafisha makaburi. Nilikuwa nimejipanga: nitasimama kwenye vichanja vyake kila siku, yeye akae. Nikamkuta amekaa kweli. Vichanja vitupu. Mitumbwi imepinduliwa mchangani.

Alinitazama na mkoba wangu akaanza kucheka, kile kicheko chake kikubwa, mpaka akashika ubavu.

"Binti, na kusoma kote huko. Pasaka inakuja na nini?"

Nikaelewa hapohapo. Tangu utoto tunajua kwamba Pasaka inafuata mwezi kujaa. Nilikuwa nimekuja kulipa jua wakati wa mbalamwezi, dagaa hakuna hata wa kuonja.

Nikakaa naye. Tukashona nyavu. Siku chache baada ya Pasaka mwezi ulipoanza kuchelewa, mtumbwi mmoja ukatoka na kurudi na mabeseni machache. Nikamwambia asiinuke. Nilisimama kwenye tope mwenyewe, nikamwaga, nikageuza, nikafukuza kunguru. Ilikuwa imebaki kidogo wakauke. Mchana wingu likaja kutoka ziwani, nikaanua wake mbio, sikuwa na wangu wa kunichelewesha, na wote nikawaingiza kabla ya tone la kwanza. Lakini walikuwa bado wabichi tumboni.

Alimbonyeza mmoja kwa kidole gumba. "Mvua imeingia katikati."

"Sijaacha hata mmoja alowe, mama."

"Nimeona. Lakini hilo si jua. Unajua."

Nilijua. Kesho yake asubuhi nilitakiwa kuwa Bunda. Vichanja vilikuwa vinadondosha maji, na majua yote anayonidai yalikuwa bado hayajalipwa, pamoja na lile la dagaa wake walioloa, ambalo hataki niliite deni na mimi sina jina lingine la kuliita.

"Likizo ya Juni," akasema, "uje kwenye giza."

Nikamwambia nitaangalia kalenda ya chuo na ya mwezi, zote mbili.